Maswali ya Wasomaji: Anachofanya Mpenzi Anaponyimwa

Mwezi huu zimefika mezani barua tatu kutoka miji mitatu iliyo mbalimbali, zote zikiuliza kuhusu filamu za mapenzi za miaka hii ya karibuni. Kwa kuwa maswali yake yanashikana, nimeona nizijibu kwa pamoja. Wasomaji wasiopenda kusimuliwa mwisho wa filamu kabla ya kuitazama wawe radhi, maana barua hizi zinagusa mwisho wenyewe, na haiwezekani kuzijibu huku nikiuficha.

Ndugu Mhariri, salaam nyingi. Mimi na mume wangu tuna miaka 17 ya ndoa, na Ijumaa usiku, watoto wakishalala, hutazama filamu pamoja. Majuzi tulitazama Past Lives. Ilipokwisha, mume wangu alisema yule Arthur si mwanamume, kwa sababu alikaa baa pembeni ya mkewe, mkewe akazungumza na mwanamume mwingine kwa lugha asiyoielewa vizuri, naye hakusema neno. Mimi nilikuwa nalia, naye akanicheka. Binti yetu aliyemaliza kidato cha sita akasema filamu ile imepooza, na kwamba filamu ya mapenzi ya kweli ni It Ends With Us, ambamo mwanamume anampenda mkewe mpaka anashindwa kujizuia. Maneno yake hayo yamenikosesha usingizi. Naomba utulinganishie filamu hizi mbili.
*Mama wa Watatu, Morogoro*

Dada yangu wa Morogoro, naanza na maneno ya binti, kwa kuwa hayo hayafai kungoja. It Ends With Us ilitoka mwezi Agosti 2024, ikaongozwa na Justin Baldoni, ambaye ndiye pia anayeigiza mume. Inamhusu Lily, mwenye duka la maua mjini Boston, anayependwa na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, mtanashati, mwenye fedha na maneno matamu. Sehemu ya kwanza ya filamu imepambwa kama kadi ya harusi, na msichana wa umri wa binti yako akizama humo na kusahau kuibuka, atasema hayo hayo aliyokuambia.

Lakini mrudishe jikoni. Ryle anatoa chakula kwenye oveni, chombo kinamwunguza, purukushani inatokea, na mkono wake unamfikia Lily usoni. Kamera inalipita tukio hilo haraka, kwa vipande vipande, hata mtazamaji naye anaamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Baadaye Lily anaanguka kwenye ngazi, na hilo nalo tunalipokea kama ajali. Ni baada ya Ryle kumshambulia mara ya tatu, kwa namna isiyoweza kupewa jina jingine, ndipo filamu inapoturudisha kwenye matukio yale ya awali na kutuonyesha yalivyokuwa hasa: mkono ulipiga, mkono ulisukuma. Kumbe muda wote huo tulikuwa tukitazama kwa macho ya mke anayemtafutia mumewe udhuru. Hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika filamu hii, na ndilo lililompita binti yako, kama lilivyowapita wengi, kwa sababu limefichwa ndani ya namna ya kusimulia, halisemwi na mhusika yeyote.

Mwambie pia atazame ni lini Ryle anashindwa kujizuia. Pale ngazini ameigundua namba ya simu ya Atlas, kijana aliyependana na Lily tangu walipokuwa shuleni. Na shambulio la tatu linawashwa na jina la Atlas huyo huyo. Hana uthibitisho kwamba mkewe amemsaliti, wala hamsaliti. Kinachomchoma ni kujua kwamba kuna chumba katika moyo wa mkewe ambacho yeye si wa kwanza kukikalia. Amenyimwa kitu kimoja tu, tena kitu ambacho hakuna mwanadamu anayeweza kumpa mwenzake, yaani maisha yasiyo na jana. Naye jibu lake ni kupiga.

Sasa tuiendee Past Lives, filamu ya kwanza ya mwongozaji Celine Song, iliyotoka mwaka 2023 na kuteuliwa kuwania tuzo za Oscar katika vipengele viwili, filamu bora na muswada bora. Mwongozaji mwenyewe alizaliwa Korea akahamia Kanada akiwa na umri wa miaka 12, na mhusika wake mkuu amepitia njia hiyo hiyo: anaondoka Seoul akiitwa Na Young, anakua akiitwa Nora, anaishia New York akiwa mwandishi. Hae Sung, mvulana waliyependana darasani, anabaki Korea. Miaka 12 baadaye wanapatana mtandaoni na kuanza kuzungumza kwa video usiku na mchana, hadi Nora anapoamua kukata mawasiliano hayo ili aishi pale alipo. Inapita miaka mingine 12 kabla Hae Sung hajapanda ndege kuja kumwona, na wakati huo Nora ana mume, Arthur, mwandishi mwenzake, Mmarekani.

Mume wako ameliona onyesho la baa, lakini nashuku amelisahau lile la kitandani lililotangulia. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, Arthur anamwambia mkewe kwamba anapoweweseka usingizini huongea Kikorea peke yake, hata siku moja haongei Kiingereza, na kwamba ndani yake kuna mahali ambapo yeye kama mume hawezi kufika. Ndiyo sababu amejifunza Kikorea, tena cha kubabaisha. Mtu anayeweza kuyatamka maneno hayo mbele ya mkewe ana ujasiri ambao wanaume wengi tunaowafahamu hawana. Ameiona hatari, ameitaja kwa jina, na asubuhi yake hajamzuia mkewe kwenda kumtembeza mgeni. Kisha pale baa, Nora na Hae Sung wanazama katika mazungumzo yao, wakizungumza habari za maisha waliyoyakosa, naye Arthur amekaa pembeni ana glasi yake. Yeye naye ananyimwa, ananyimwa lugha, ananyimwa utoto wa mkewe, ananyimwa hata macho yake kwa muda ule. Mkalishe Ryle kwenye kiti hicho cha Arthur, umpe usiku huo huo na glasi hiyo hiyo, utaona kwamba filamu zako mbili zinazungumzia jambo moja.

Mwisho wa Past Lives naona ndio uliokuliza. Nora anamsindikiza Hae Sung barabarani kungoja gari. Wanasimama wakitazamana kwa muda unaoonekana mrefu mno kwenye skrini, hakuna anayemshika mwenzake, hakuna muziki wa kutuambia tuhisi nini. Gari linafika, Hae Sung anauliza kama huenda maisha haya nayo ni ya awali tu, na kwamba katika yajayo watakuwa nani kwa nani, kisha anaondoka. Nora anarudi kwa mguu barabara ile ile. Arthur amekaa nje, kwenye ngazi za nyumba, anamngoja. Anasimama, anamkumbatia, na Nora, ambaye tangu utotoni hatukumwona akilia, analia kifuani pake kwa ajili ya mwanamume mwingine. Arthur anamwingiza ndani.

Wakorea wana neno in-yun, ambalo katika filamu linaelezwa kuwa ni uhusiano uliofumwa katika maisha ya awali: hata watu wawili wanaogusana nguo njiani wana historia, na wanaofunga ndoa ni kwa sababu ya tabaka 8,000 za in-yun zilizorundikana. Kwetu tungesema wameandikiwa. Napenda kwamba Nora mwenyewe, anapomweleza Arthur neno hilo siku za mwanzo za kujuana kwao, anaongeza kuwa Wakorea hulitumia wanapotaka kumtongoza mtu. Filamu inaiheshimu imani hiyo bila kuigeuza kisingizio, kwani aliyeandikiwa na yule asiyeandikiwa wote wanapaswa kuamua watendeaneje jioni ile.

Sitaki kuifanya moja ya filamu hizi kuwa nzuri na nyingine kuwa mbaya. It Ends With Us ina ujasiri wake. Baada ya kujifungua mtoto wa kike, Lily anamuuliza Ryle angemwambia nini binti yao kama siku moja angekuja kumweleza kwamba mwenzake amemsukuma kwenye ngazi. Ryle anajibu kama baba yeyote angejibu, na ndani ya jibu lake mwenyewe anaisikia talaka yake. Lily anamwacha akiwa bado anampenda. Hapo ndipo pa kuzungumza na binti, dada yangu, kwamba kupenda kwake kulikuwa kwa kweli na kuondoka kwake kulikuwa sahihi, vyote viwili kwa mpigo. Lawama yangu kwa filamu ni kwamba imemrahisishia mno njia ya kutokea: ana duka, ana mama aliye tayari kumpokea, ana rafiki ambaye ni dada wa mume na bado anamshauri asirudi. Wanawake wengi wanaosoma safu hii, mawifi zao hawajawahi kusimama upande wao namna hiyo, na filamu haina la kuwaambia.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 26, fundi wa simu. Mchumba wangu alinionyesha Materialists kwenye simu yake, na tangu siku hiyo ananiuliza kama ninaamini mapenzi yanaweza kuishi bila fedha. Ninadaiwa bado nusu ya mahari. Je, filamu ile inasema kweli? Halafu naomba unitajie filamu ya mapenzi ya Kiswahili inayotazamika, kwa sababu nyingi nilizoziona zinaishia harusini au makaburini.
*Fundi, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Materialists ni ya mwongozaji yule yule wa Past Lives, ilitoka mwezi Juni 2025. Lucy, anayeigizwa na Dakota Johnson, ni mshenga wa kulipwa. Kazi yake katika kampuni moja ya New York ni kuwaunganisha watu matajiri waliochoka kutafuta wenyewe, nao humletea orodha: urefu, mshahara, umri, nywele. Tofauti yake na mshenga wetu ni kwamba mshenga wetu anazijua koo mbili na atalaumiwa mambo yakiharibika, ilhali Lucy anazijua tarakimu tu. Ndipo anapotokewa na wanaume wawili, Harry mwenye nyumba ya dola milioni 12, na John, mpenzi wake wa zamani, mwigizaji asiye na kitu, anayeishi chumba cha kuchangia na wenzake na kuhudumu kwenye sherehe za watu.

Ukiniuliza kweli ya filamu hii iko wapi, nitakupeleka kwenye onyesho fupi la kumbukumbu, Lucy na John wakiwa ndani ya gari siku ya kuadhimisha kuanza kwa uhusiano wao. Wanachelewa mezani kwa sababu John hataki kulipia maegesho, anazungukazunguka kutafuta nafasi ya bure, na ugomvi unapanda mpaka Lucy anashuka barabarani. Haya yanamtokea kila mtu asiye na fedha, na sijawahi kuyaona yakionyeshwa kwa uaminifu namna ile katika filamu ya mapenzi. Lucy hamchukii John kwa umaskini wake. Anamkasirikia kwa kuwa umaskini huo unawafanya wawe wadogo mbele ya kila mmoja wao. Harry naye, kwa fedha zake zote, alifanyiwa upasuaji wa kuongeza urefu wa miguu ili apande bei katika soko hilo hilo. Na mwanamume aliyetimiza kila kigezo kwenye fomu za Lucy anamdhuru mmoja wa wateja wake, mwanamke aliyemwamini Lucy, kwa kuwa hakuna fomu yenye mahali pa kuandika jinsi mtu anavyopokea kukataliwa.

Mwishoni Lucy anamchagua John, na hapo ndipo mimi na filamu tunapoachana. Imetumia saa nzima kutuonyesha jinsi ada ya maegesho inavyoweza kuvunja penzi, kisha haituelezi nani atailipa mwakani. Kwa hiyo usimjibu mchumba wako kwa maneno ya filamu. Mwambie kiasi ulichobakiza, mwambie unakusudia kukimaliza lini, kisha mtazame anavyoipokea habari hiyo, naye akutazame unavyoitoa.

Kuhusu filamu ya Kiswahili, itafute Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la filamu la Toronto. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, na huenda uliisikia shuleni. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa aliyochaguliwa, anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika kupigania uhuru. Mapenzi yao yanavutwa huku na kule kama jina lenyewe, kwa kuwa Denge ana ahadi nyingine kubwa aliyoitoa kabla ya kumjua Yasmin, na Yasmin, aliyeacha kila kitu, anagundua kwamba amempenda mtu asiyekuwa wake peke yake. Hapa anayenyimwa ni mwanamke, na haimvunji, inamkuza. Utaipenda pia lugha yake, Kiswahili cha Unguja kinachotamkwa taratibu, na usiku wa mitaa ya mawe uliopigwa picha kwa subira. Mwisho wake sikuambii.

Neno moja zaidi kwako, kwa kuwa wewe ni fundi wa simu na bila shaka wateja wako hukuomba uwawekee filamu za kutafsiriwa. Nimezitazama nyingi katika vibanda umiza na naiheshimu kazi ya wale watafsiri, maana wamewafungulia mlango watu ambao vinginevyo wangekaa nje. Lakini filamu za mapenzi huumia mikononi mwao kuliko filamu za mapigano, kwa sababu mtafsiri hulipwa kwa kusema, na mahali penye uzito katika mapenzi mara nyingi hapasemwi kitu. Pale Nora na Hae Sung wanaposimama kungoja gari, mtafsiri atajaza kimya chote kwa maneno yake, na utakaporudi nyumbani utakuwa umezikosa dakika mbili ambazo filamu nzima ilikuwa ikizielekea.

Assalamu alaikum. Nafanya kazi za ndani Muscat, mwaka wa nne sasa. Mume wangu yuko Tanga na watoto wetu wawili. Binti mmoja wa Kihindi tunayefanya naye kazi alinionyesha filamu ya kwao, All We Imagine as Light, na kuna yule muuguzi anayekumbatia sufuria ya umeme usiku. Sikuweza kuendelea kwa siku mbili. Baadaye nikaimaliza, lakini sikuelewa mwisho wake, yule mtu aliyeopolewa baharini ni nani. Na je, ni vibaya kumtumia mume wangu aitazame?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Filamu hiyo ya Payal Kapadia ilipata tuzo ya Grand Prix huko Cannes mwaka 2024, na kabla yake ilikuwa imepita miaka 30 bila filamu ya India kuingia katika shindano kuu la tamasha hilo. Nakubali kwamba hakuna tuzo inayoweza kuipa sifa kubwa kuliko hizo siku zako mbili.

Nikuelezee nilivyoielewa. Prabha ni muuguzi wa Mumbai aliyeozwa kwa mume waliyemchagua wazazi, na mume huyo akaenda kufanya kazi Ujerumani muda mfupi baada ya harusi. Sasa zaidi ya mwaka hajapiga simu. Siku moja kinafika kifurushi kisicho na barua, ndani yake mna sufuria ya umeme ya kupikia wali, nyekundu, iliyotengenezwa Ujerumani. Usiku Prabha anaketi sakafuni jikoni na kuikumbatia. Mwongozaji hakuweka maneno pale, na nadhani alijua kwamba mtu yeyote aliyewahi kupokea mzigo kutoka ng'ambo badala ya mtu mwenyewe hahitaji kuelezwa. Wewe uko upande wa pili wa sufuria ile. Wewe ndiye unayetuma.

Tazama sasa kunyimwa kunavyomfanya Prabha. Hapigi mtu, lakini anakuwa mkali. Anu, msichana wanayeishi naye chumba kimoja, anapendana na Shiaz, kijana Mwislamu, wakati yeye ni Mhindu, na hawana mahali pa kukutana katika mji mzima. Prabha anamsema vibaya, kwa sababu furaha ya Anu inamwonyesha ukubwa wa ukame wake mwenyewe. Daktari mmoja anamwandikia mashairi, naye Prabha anamwambia hapana, kwa kuwa ana mume. Anaitunza ndoa ambayo upande wa pili umekwisha kuiacha.

Yule mtu wa baharini, kwa maoni yangu, ni mgeni tu aliyeponea kuzama, na Prabha anampulizia pumzi kama muuguzi. Mwanamke mzee wa kijiji cha pwani walikosafiri Prabha na Anu anadhani ni mumewe, naye Prabha hamsahihishi. Anamwosha, na mazungumzo yanayofuata ni yake na mumewe wa Ujerumani, yaliyopata mdomo wa kuazima. Yule mume anaomba radhi, anamwambia waondoke wote, ataanza upya. Prabha anamjibu kwamba hataki kumwona tena. Miaka yote alikuwa akisubiri kuitwa. Anapoitwa hatimaye, tayari amekwisha kuwa huru. Na jambo la kwanza analolifanya baada ya hapo, tena usiku ule ule, ni kumwambia Anu amlete Shiaz, ambaye alikuwa amejificha kijijini, aje aketi nao chini ya taa za rangi za kibanda cha ufukweni.

Wewe na mumeo si Prabha na mumewe, kwa kuwa ninyi bado mnapigiana simu, na barua yako yote inamtaja kwa upendo. Kwa hiyo mtumie, lakini usimwache aitazame peke yake, asije akadhani unamtumia ujumbe wa kuachana. Chagueni usiku mmoja ambao wewe umemaliza kazi na watoto wamelala. Tanga iko nyuma ya Muscat kwa saa moja tu, kwa hiyo ukiwa na saa nne usiku, yeye ana saa tatu. Anzeni kwa pamoja. Mkifika jikoni, pale anapoketi sakafuni, simamisha filamu, mpigie, na umwulize mizigo unayotuma huwa wanaifungua vipi.